Jinsi ya Kuainisha Dubu-maji kwa Maumbile Yake: Kuanzia Kucha Hadi Yai

Wengi wanaojaribu kuainisha dubu-maji (tardigrada), wanyama wadogo wa kutazamwa kwa hadubini, hukwama mahali pale pale. Mtu anampata mnyama, anampiga picha akiwa anajikongoja kwenye tone la maji, kisha anauliza, "Huyu ni spishi gani?" Picha inaonyesha kiwiliwili kinene, miguu minane na pengine madoa mawili ya macho. Hapo hakuna wa kumjibu kwa haki. Spishi zilizokwisha kuelezwa ni zaidi ya 1,400, na unene, rangi na urefu wa mwili haviwezi kuzipambanua.

Kinachowatofautisha kiko mahali pawili ambapo picha ya haraka haifiki: kwenye ncha za miguu na ndani ya koo. Baadhi yao hata hapo hawatambuliki mpaka upate yai. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja: ngozi, kucha, koo, yai. Ukiruka hatua, ufunguo wowote wa utambuzi, yaani mfululizo wa maswali yanayokufikisha kwenye jina, utakupeleka kwenye jina lisilo lake, na hutajua kama umepotea.

## Vifaa

- Hadubini ya ukuzaji mdogo (mara 20 hadi 40) ya kutafutia wanyama.
- Hadubini ya kawaida ya mwanga yenye lenzi ya 40 na lenzi ya 100 ya kutumia mafuta. Yenye mfumo wa fezi (phase contrast) ni bora zaidi, kwa sababu sehemu nyingi za dubu-maji hazina rangi na hupotea kwenye mwanga wa kawaida.
- Kipimio cha kwenye lenzi ya jicho, kilichosawazishwa kwa kila lenzi utakayoitumia.
- Slaidi na vifuniko vyembamba vya kioo.
- Pipeti yenye mdomo mwembamba, na ukope mmoja uliogundishwa kwenye ncha ya kijiti. Ukope ndicho chombo bora cha kumgeuza mnyama mdogo hivi. Sindano humtoboa.
- Sahani za petri, karatasi ya kuchujia, na maji yasiyo na klorini.
- Kimiminika cha kuhifadhia, na vanishi ya kucha ya kuzibia kingo za kifuniko.
- Penseli na karatasi. Hata kama una kamera nzuri, chora. Mkono unaochora hulilazimisha jicho kuhesabu.

## Hatua ya 1: Mpate, na uhakikishe ni yeye

Chukua kipande kikavu cha kuvumwani, ule ukijani mfupi unaotanda juu ya mawe, kuta na magome ya miti. Kiloweke kwa saa kadhaa au usiku kucha. Dubu-maji waliokauka hujikunja na kuwa vidonge vidogo, na huhitaji muda wa kunywa maji na kujinyoosha. Kisha kikamue, acha mchanga na taka zitulie, na upekue mashapo hayo kwenye sahani iliyowekwa juu ya kitu cheusi, mwanga ukitokea pembeni.

Wengi wana urefu wa kati ya milimita 0.1 na 0.5. Utakutana na minyoo mviringo inayojipinda bila miguu, rotifera wanaojivuta na kujikunyata, na utitiri. Dubu-maji ana jozi nne za miguu minene isiyo na viungo, na jozi ya mwisho inaelekea nyuma. Ukiiona jozi hiyo ya nyuma inashikilia uchafu huku ya mbele inapapasa, umempata.

## Hatua ya 2: Andika sifa zitakazopotea

Kabla ya kumuua, andika mambo mawili: ana macho au hana, na mwili una rangi gani. Vimiminika vya kuhifadhia huyeyusha rangi, na macho mara nyingi hutoweka kabisa. Miezi miwili baadaye utatazama slaidi na kuandika "hana macho" kuhusu mnyama aliyekuwa nayo.

Rangi yenyewe usiitegemee sana. Kijani cha tumboni mara nyingi ni chakula alichokula jana.

## Hatua ya 3: Mlaze vizuri

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kabla hata ufunguo haujafunguliwa. Mnyama aliyekufa amejikunja huzificha kucha zake chini ya tumbo, na koo lake hukaa mshazari kiasi kwamba huwezi kulipima.

Mpashe moto ndani ya maji ya nyuzi 60 hivi za Selsiasi kwa karibu nusu saa. Atakufa akiwa amenyooka. Mhamishie kwenye slaidi ndani ya tone dogo sana, mgeuze kwa ukope alale kifudifudi au chali, kisha shusha kifuniko taratibu kuanzia upande mmoja ili hewa isibanwe ndani.

Kuhusu kimiminika, una njia mbili. Ya kwanza ni maji matupu: weka kipande cha karatasi ya kuchujia ukingoni mwa kifuniko na ufyonze kidogo kidogo mpaka kioo kimbane mnyama bila kumpasua. Slaidi ya namna hii haidumu, lakini kwa kufikia jenasi inatosha, na mimi humshauri kila anayeanza aanzie hapo.

Ya pili ni mchanganyiko wa Hoyer, ambao ni maji yaliyotoneshwa, gundi ya arabi, kloral hidrati na gliserini. Huufanya mwili uwe angavu, na kucha na koo hujitokeza waziwazi. Acha slaidi ikauke kwa siku tano hadi saba kwenye joto la nyuzi 50 hadi 60, kisha ziba kingo kwa vanishi ya kucha.

Tahadhari: kloral hidrati ni sumu na ni dawa ya usingizi. Nchi nyingi huidhibiti kisheria. Usiichanganye kwenye chumba kisichopitisha hewa, na usiiguse kwa mkono mtupu.

Umefaulu ikiwa unaona mrija wa mdomo umelala sambamba na kioo kutoka mwanzo hadi mwisho, na angalau mguu mmoja wa kila upande umetandaza kucha zake.

## Hatua ya 4: Uliza kama anafaa kutambuliwa

Kuna wanyama ambao hupaswi kupoteza muda nao.

Wa kwanza ni yule anayejivua gamba. Dubu-maji anapojiandaa kubadili ngozi huutema mfumo mzima wa mdomo: mrija, sindano na kila kitu. Kwa muda huo koo ni tupu. Anayeanza huandika "hana plakoidi" (vijiti vigumu vya koromeo) na kuangukia kwenye kundi jingine kabisa. Dalili nyingine ni kucha mpya zinazojengeka ndani ya mguu, nyuma ya zile za zamani, kiasi kwamba mguu unaonekana una kucha maradufu. Ukiona kucha zilizozama ndani ya nyama, acha kuhesabu.

Wa pili ni mtoto. Kwa wale wenye mabamba magumu mgongoni, aliyetoka kwenye yai ana kucha mbili tu kwa kila mguu badala ya nne, na nywele za pembeni pia huwa pungufu. Watoto wana nafasi yao kwenye utafiti, lakini usimfanye mmoja wao kuwa msingi wa jina.

Tafuta mtu mzima mwenye koo kamili. Kama hayupo, rudi kwenye kuvumwani.

## Hatua ya 5: Ngozi na kichwa, ili kupata ngeli

Kwa vitendo ngeli ni mbili, na swali la kuzitenga ni moja: je, kichwani kuna nywele za hisia?

Heterotardigrada wana nywele hizo, ndefu au fupi, kila upande wa kichwa. Ule uitwao sirasi A hukaa kwenye mpaka wa kichwa na bega, na shinani pake pana kinundu kiitwacho klava. Wengi wa wale wa nchi kavu wana mabamba magumu mgongoni. Tundu la uzazi na mkundu ni vitu viwili tofauti.

Eutardigrada hawana nywele hizo wala mabamba ya namna hiyo. Ngozi yao inaweza kuwa laini, yenye vitundu au yenye vinundu. Uzazi na haja hutoka kwenye tundu moja, yaani kloaka.

Usidanganywe na mikunjo. Eutardigradi aliyesinyaa hutengeneza mistari ya kukata mgongo inayofanana na kingo za mabamba. Bamba la kweli lina ukingo usiosogea na nakshi yake huishia kwenye ukingo huo.

Ukikuta mnyama wa baharini mwenye vidole, na vidole vina kucha au visahani kwenye ncha, pamoja na unywele mmoja katikati ya kipaji, hao ni Arthrotardigrada, na mwongozo huu hauwafuati mbali zaidi ya hapa.

## Hatua ya 6: Kucha

Kaa hapa muda mrefu. Weka lenzi ya 100 na mafuta, na zungusha kirekebishi kidogo juu na chini muda wote, kwa sababu kwa ukuzaji huo unaona tabaka jembamba mno kwa wakati mmoja. Ukucha mmoja unaweza kuhitaji nafasi nne za lenzi kabla hujauona wote.

Kwa wenye mabamba, kila mguu wa mtu mzima una kucha nne zilizotengana, karibu sawa kwa ukubwa. Tazama kama za ndani zina mwiba mdogo unaoelekea chini. Kisha nenda moja kwa moja hatua ya 8.

Kwa Eutardigrada kuna kucha pacha mbili kwa kila mguu, na kila pacha ina tawi kuu na tawi dogo. Tawi kuu kwa kawaida ni refu zaidi na mara nyingi lina vinyongeza viwili vyembamba karibu na ncha. Lipe tawi kuu namba 1 na tawi dogo namba 2. Sasa tembea kwa jicho kutoka ukingo mmoja wa mguu hadi mwingine na uandike namba kwa mfuatano.

Ukipata 2-1-1-2, pacha hizo mbili zinatazamana kama mtu na kioo chake, na zinalingana kwa ukubwa. Hao ni Macrobiotoidea. Umbo la pacha mara nyingi ni la herufi Y, na shinani pana kibamba cha umbo la hilali. Angalia hilali za mguu wa nne: kingo zake ni laini au zina meno? Andika.

Ukipata 2-1-2-1, pacha hazitazamani, zinafuatana. Hapa pana njia panda muhimu:

- Tawi dogo likiendelea na shina kwa mkunjo mmoja usiokatika, na pacha ya nje ikiwa na tawi kuu refu zaidi kuliko la pacha ya ndani, uko kwa jamaa wa *Hypsibius*. Kwa *Ramazzottius* tawi kuu la nje ni refu na jembamba kupindukia, limeungwa kwa kiungo kinachonyumbuka. Ukiliona mara moja hulisahau.
- Tawi dogo likisimama kwa pembe mraba dhidi ya shina, na pacha za nje na za ndani zikifanana, uko kwa jamaa wa *Isohypsibius*.

Ukiona matawi makuu yametengana kabisa na madogo, yaani miiba mirefu myembamba peke yake na ndoano fupi nene peke yake, huyo ni wa oda ya Apochela, na karibu kila mara ni *Milnesium*. Hesabu ncha za zile ndoano fupi. Mpangilio wake huandikwa kwa mabano: *Milnesium tardigradum* halisi ni [2-3]-[3-2], yaani ndoano yenye ncha mbili na yenye ncha tatu kwa miguu mitatu ya kwanza, kisha yenye ncha tatu na yenye ncha mbili kwa mguu wa nne. Dume wa jenasi hii ana ndoano iliyobadilika umbo kwenye jozi ya kwanza ya miguu, basi usihesabu mguu wa kwanza pekee.

Kosa la kawaida ni kusoma mguu mmoja uliolala vibaya. Pacha ikilalia pacha nyingine, 2-1-2-1 huonekana 2-1-1-2. Soma angalau miguu mitatu, na mmojawapo uwe wa nne. Kumbuka pia kwamba kwa miguu ya kwanza hadi ya tatu tunasema pacha ya ndani na ya nje, ila kwa mguu wa nne ni ya mbele na ya nyuma.

Umefaulu ikiwa unaweza kuchora mguu mmoja kwa kumbukumbu bila kurudi kwenye lenzi.

## Hatua ya 7: Koo

Anza mdomoni na ushuke. Sehemu za kuandika ni lamela (vibamba vyembamba) zinazozunguka mdomo, mrija wa mdomo, sindano mbili za pembeni, vishikizi vya sindano hizo, na mwisho koromeo lenye vijiti vigumu vinavyoitwa plakoidi. Plakoidi kubwa ni makroplakoidi. Kile kidogo kinachofuata nyuma yake ni mikroplakoidi.

Kwanza, mrija ni mgumu wote, au sehemu yake ya nyuma ni laini yenye pete za mzunguko? Sehemu laini ikiwapo, uko kwenye kundi la *Diphascon* na *Adropion*. Kwenye maungio ya sehemu ngumu na laini, *Diphascon* ana uvimbe wa umbo la tone. *Adropion* hana.

Pili, kuna plakoidi? *Milnesium* hana hata moja. Mrija wake ni mfupi na mpana, na kuzunguka mdomo kuna vichuchu sita pamoja na viwili pembeni mwa kichwa. Huyu ni mwindaji, na tumboni mwake mara nyingi hukutwa taya za rotifera aliowameza. Taya hizo ni ngumu na zinang'aa, na watu wameziandika kuwa ni plakoidi. Uliza kila mara: kitu hiki kiko ndani ya koromeo, au kimeshapita?

Tatu, hesabu makroplakoidi, polepole. Jamaa wa *Macrobiotus hufelandi* wana mbili na mikroplakoidi moja. Ila makroplakoidi ya kwanza ni ndefu na ina mbano katikati. Lenzi ikiwa juu kidogo, mbano huonekana kama pengo, nawe unahesabu tatu. Shuka na lenzi mpaka uone kingo za kijiti kwa makali: zikiendelea bila kukatika kwenye mbano, ni kijiti kimoja.

Zikiwa tatu kweli kwa mnyama wa 2-1-1-2, tazama mikroplakoidi. Ikiwa imeigusa au kuikaribia makroplakoidi ya tatu, kwa umbali mdogo kuliko urefu wake yenyewe, elekea *Mesobiotus*. Ikiwa iko mbali zaidi ya urefu wake, au haipo kabisa, na vijiti ni vyembamba virefu, elekea *Paramacrobiotus*. Tofauti hii ni ya mikromita chache tu, lakini inategemewa kuliko umbo lote la nje la mnyama.

## Hatua ya 8: Kwa wenye mabamba

Chora mgongo mzima: bamba la kichwa, la bega, yale yaliyopangwa kwa jozi, yale ya katikati, na la mkiani. Kisha uliza kama kuna bamba la ziada kati ya jozi ya mwisho na bamba la mkiani. *Pseudechiniscus* wanalo, *Echiniscus* hawana.

Nyongeza za pembeni, ziwe nywele au miiba, hupewa herufi A, B, C, D, E kutoka mbele kwenda nyuma. Andika zilizopo kwa kila upande peke yake. Kukatika unywele mmoja ni jambo la kila siku, na kovu lake huonekana ukitazama shina.

## Hatua ya 9: Yai

Hapa wengi hukata tamaa, na si ajabu. Kwa jamaa wa *Macrobiotus*, *Mesobiotus* na *Paramacrobiotus*, watu wazima wa spishi tofauti wanaweza kufanana karibu kila kitu, na spishi inasomwa kwenye ganda la yai. Hawa hutaga mayai huru yenye nakshi. Rudi kwenye mashapo ya hatua ya 1 utafute vitufe vidogo vyenye miiba au vinundu.

Chora kinundu kimoja kwa ubavu: ni koni, nusu tufe, au kikombe kilichopinduliwa chenye kisahani juu? Vikombe vilivyopinduliwa ni vya *M. hufelandi* na ndugu zake. Tazama pia ganda kati ya vinundu: laini, lenye wavu, au limegawanywa vyumba?

*Hypsibius*, *Isohypsibius*, *Milnesium* na *Echiniscus* huacha mayai laini ndani ya gamba walilovua. Hayo hayakusaidii kwa nakshi, lakini yana faida nyingine: gamba hilo lina kucha za mama, kwa hiyo unajua ni ya nani. Yai huru halina uthibitisho huo. Kwenye kipande kimoja cha kuvumwani wanaweza kuishi *Macrobiotus* wawili, na yai likawa la jirani. Uthibitisho mzuri ni yai lenye kiinitete kilichokomaa, ambapo kucha na koo la mtoto vinaonekana kupitia ganda.

## Hatua ya 10: Pima, kisha toa jina unaloweza kulitetea

Urefu wa mwili hupimwa kutoka mdomoni hadi mwisho wa mwili, bila kujumlisha miguu ya nne. Vipimo vingine vigeuze kuwa kielezo cha pt: gawa urefu wa sehemu kwa urefu wa mrija wa mdomo, kisha zidisha kwa 100. Mrija ukiwa mikromita 40, na kishikizi cha sindano kimeungana nao kwenye mikromita 31 kutoka mbele, pt ni 77.5. Mwili hunenepa na kubanwa na kioo, lakini mrija ni mgumu, ndiyo maana ndio kipimo cha vingine. Usipime kitu kilicholala mshazari. Acha nafasi wazi kwenye jedwali.

Kwa maelezo ya spishi, wataalamu hulenga kupima wanyama 30. Wewe ukipima watano wazuri umeshaanza kuona kipi kinabadilika na kipi hakibadiliki.

Kisha andika jina kwa kiwango ambacho ushahidi umefika. Una kucha na koo lakini huna yai? Andika *Macrobiotus* sp., yaani spishi haijajulikana. Kila kitu kinalingana na spishi fulani isipokuwa sifa moja usiyoweza kuiona? Weka *cf.* kati ya jenasi na spishi. Kwa maoni yangu, "sp." ya kweli ina thamani kuliko jina kamili la kubahatisha, kwa sababu jina la kubahatisha hunakiliwa na wengine.

Kwenye lebo ya slaidi andika tarehe, mahali, aina ya mmea au jiwe, kimiminika ulichotumia, na kama alikuwa na macho akiwa hai. Wanyama wachache wa sampuli hiyo hiyo watie kwenye ethanoli ya asilimia 96. Baadhi ya spishi hufanana hata kwa yai na hutengwa kwa DNA tu, na aliyekwisha kuwekwa kwenye Hoyer hafai tena kwa kazi hiyo.